Kipepeo wa Madoa ya Fedha

Katika pwani ya Oregon, huko Marekani, yuko kipepeo mwenye madoa ya fedha. Mwaka wa 1980 serikali ilimwandika kuwa yumo hatarini. Kumbe, viwavi wake hula majani ya violeti tu! Zamani wenyeji walichoma nyika. Moto ulipokoma, nyasi na vichaka viliifunika violeti.

Mwaka wa 1999 bustani ya wanyama ya Portland ilianza kuwalea. Nayo ya Seattle ikajiunga. Majike wachache hukamatwa, nao hutaga. Viwavi wakitoka hawali jani hata moja: hulala katika friji baridi yote, kisha huamshwa na kulishwa, halafu hurudishwa nyikani. Huko wengine wamekwisha kufyeka nyasi na kupanda violeti.