Spika ya Motokaa na Adui Yake

Hapo kale motokaa haikuwa na sauti ila ngurumo ya injini yake. Mwaka 1925 Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza habari za spika waliyoibuni: waya mwembamba uliosokotwa hutikiswa na umeme karibu na sumaku, nao huitikisa karatasi, sauti ikatoka. Mwaka 1930 Paul Galvin wa Chicago alianza kuuza redio za motokaa zilizoitwa Motorola. Kisha mwaka 1947 transista ilibuniwa, na baadaye amplifaya ndogo ziliweza kutoa nguvu nyingi.

Nguvu ziliongezeka, lakini waya wa spika ulibaki mwembamba. Hapo ndipo wengi hukosea. Amplifaya ina skrubu ndogo, nao hudhani ni ya kuongezea sauti. Sivyo, kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio. Ikizungushwa kupita kiasi, amplifaya huelemewa, mawimbi ya sauti hukatika vilele, na waya wa spika hupata moto hata ukaungua.

Fundi wa matatu mwenye busara huanza na skrubu ikiwa chini kabisa. Huipandisha sauti ya redio hadi robo tatu, kisha huizungusha skrubu polepole. Asikiapo mkwaruzo, huirudisha nyuma kidogo na kuiacha papo hapo.

Wazee wetu hawakuijua spika, lakini walikwisha kutuonya: ngoma ikilia sana, haikawii kupasuka.