Vijana na Kanisa nchini Kenya
Katika sensa ya 2019 takriban asilimia 85 ya Wakenya walijitambulisha kuwa Wakristo. Wasio na dini hawakufika asilimia 2. Kinachobadilika miongoni mwa vijana, basi, ni imani kwa viongozi wa kanisa zaidi ya imani yenyewe, ingawa wazee huyachanganya mawili hayo. Katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, Juni 2024, vijana waliwashutumu wachungaji kwa kuwaachia wanasiasa mimbari na kupokea fedha zao. Novemba, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango wa Rais William Ruto kwa kanisa la Soweto, mtaa wa jiji hilo. Machi 2025, mchango wa rais wa shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, pia Nairobi, ulizua maandamano Jumapili asubuhi; polisi wakarusha vitoa machozi.