Mabingwa Waliolipa Nauli kwa Kazi: Chuo cha Willamette, 1941



Kila tunapokutana kuhesabu fedha za chama, hakosekani mtu aulizaye kwamba michezo ya vijana ina faida gani hata itolewe senti zetu. Swali hilo ni la haki, nasi twapenda kulijibu kwa kisa cha kweli.

Willamette ni chuo kidogo katika mji wa Salem, jimbo la Oregon, Marekani, kilichoanzishwa mwaka wa 1842. Mpira wao si huu wetu wa miguu, bali ni ule wa Kimarekani, wenye umbo la yai, ambao hubebwa mikononi. Mwaka wa 1941, wakifundishwa na Roy Keene, vijana wake walitwaa ubingwa wa Northwest Conference, yaani umoja wa vyuo vya upande ule wa nchi. Mwisho wa Novemba walipanda meli Lurline kwenda kucheza Hawaii, pamoja na timu ya San Jose State. Siku zizo hizo askari wetu wa K.A.R. walikuwa katika mapigano ya mwisho ya Gondar, huko Uhabeshi. Marekani ilikuwa haijaingia vitani.

Jumamosi, tarehe 6 Desemba, mabingwa hao walicheza mjini Honolulu na timu ya chuo kikuu cha Hawaii, wakafungwa 20 kwa 6. Asubuhi ya pili, walipokuwa wakingojea basi la kuwatembeza kisiwani, ndege za Wajapani ziliishambulia Pearl Harbor. Wamarekani zaidi ya 2,400 waliuawa. Mchezo uliobaki ukafutwa, na njia ya kurudi kwao ikafungwa.

Vijana hao hawakukaa wakilia. Wale wa San Jose waliwasaidia polisi wa mji. Wale wa Willamette walitandaza seng'enge katika pwani ya Waikiki, kisha wakapewa bunduki kuukuu, wakalinda zamu usiku katika shule ya Punahou, iliyokuwa imetwaliwa na jeshi. Taa zote zilizimwa, wala hakuna aliyejua kama adui angerudi.

Tarehe 19 Desemba walipata nafasi katika meli President Coolidge, iliyokuwa ikichukua majeruhi. Nauli yao ilikuwa kazi: kuwalisha na kuwatunza watu waliokatika viungo na kuungua moto. Walifika San Francisco siku ya Krismasi. Baadaye wengi wao waliingia jeshini, na mwaka wa 1997 chuo chao kiliwapa heshima kwa pamoja.

Wazee wetu, mchezo wenyewe walishindwa. Lakini kushika zamu, kumtii kiongozi, na kutomwacha mwenzao aliyeanguka, hayo walikuwa wamekwisha kujifunza uwanjani kabla ya kuhitajiwa. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na chama cha kusaidiana ni nini, kama si watu waliojizoeza kufaana kabla ya siku ya dhiki? Basi tunapowanunulia vijana mpira, tusidhani kwamba twanunua kikombe tu.