Programu za kutengenezea muziki wa psytrance

Programu za kutengenezea muziki wa psytrance ni programu za kompyuta zinazomwezesha mtu kutunga, kupanga, kuchanganya na kuhifadhi muziki wa aina ya psytrance bila kuwa na studio ya vyombo. Psytrance ni tawi la muziki wa kielektroniki uitwao trance. Kwa kuwa karibu sauti zake zote huundwa kwa mitambo, mtu anayeanza anaweza kufanya kazi yote ndani ya kompyuta moja. Baadhi ya programu hizo hutolewa bure, nyingine huuzwa kwa makumi au mamia ya dola. Programu ya bei ndogo humfaa anayeanza ikiwa inatimiza mahitaji ya muziki wenyewe na inamruhusu kuumaliza wimbo.

Historia

Psytrance ilitokana na muziki wa Goa trance, uliokua katika jimbo la Goa, Uhindi, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wasafiri kutoka Ulaya, Marekani na Israeli walikesha wakicheza katika fukwe kama Anjuna. Mmoja wa wapigaji muziki waliojulikana sana huko alikuwa Goa Gil, Mmarekani. Baadaye muziki huo ulienea Uingereza, Israeli, Ureno, Brazili, Afrika Kusini na kwingineko. Mwaka 1995 Mwingereza Simon Posford, kwa jina la Hallucinogen, alitoa albamu ya *Twisted*, ambayo huhesabiwa miongoni mwa kazi muhimu za aina hii. Nchini Ureno tamasha la Boom lilianza mwaka 1997.

Wakati huo kutengeneza muziki huu kulihitaji fedha nyingi. Mtunzi alinunua sintesaiza kadhaa, mashine ya ngoma na meza ya kuchanganyia sauti. Vyombo viliunganishwa kwa mfumo wa MIDI, uliotangazwa mwaka 1983, na mara nyingi viliongozwa na kompyuta ya Atari ST, iliyotoka mwaka 1985 ikiwa na matundu ya MIDI tayari. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilileta mfumo wa VST. Kwa mfumo huo programu ndogo, iitwayo programu-jalizi, huingizwa ndani ya programu kuu na kufanya kazi ya chombo au ya kifaa cha studio. Tangu hapo gharama za kuanza zimeshuka sana.

Mahitaji ya muziki wenyewe

Psytrance huenda kwa kasi ya mapigo 135 hadi 150 kwa dakika, na baadhi ya matawi yake huzidi hapo. Msingi wake ni ngoma kubwa inayopigwa katika kila pigo, ikifuatwa na noti tatu fupi za besi kabla ya pigo linalofuata. Kwa kasi ya mapigo 145, pigo moja huchukua sekunde 0.41 na robo yake sekunde 0.10 hivi. Noti ya besi ikirefuka kupita nafasi yake, sauti za chini hugongana na mdundo hupoteza nguvu. Kwa hiyo programu inatakiwa kuruhusu kupanga noti kwa usahihi na kufupisha kila moja.

Wimbo wa dakika 8 kwa kasi hiyo una mapigo 1,160, yaani hatua 290 za mapigo manne manne. Besi pekee inaweza kuwa na noti zaidi ya 3,000. Hakuna anayeziandika moja moja; programu hutunza kipande kifupi ambacho hurudiwa na kubadilishwa kidogo kidogo.

Mambo mengine yanayohitajika ni haya:

- Sintesaiza yenye kichujio kizuri. Sauti inayojikunja na kulia, inayotambulisha muziki huu, hupatikana kwa kufungua na kufunga kichujio wakati noti zinaendelea.
- Uwezo wa kuchora mabadiliko ya kichujio, sauti na mwangwi katika muda wote wa wimbo.
- Njia za sauti za kutosha, kwa kuwa ngoma kubwa, besi, matoazi, sauti za juu na milio ya mapambo kwa kawaida kila moja huwekwa katika njia yake.
- Uwezo wa kutoa wimbo uliokamilika katika faili la WAV.

Programu zinazopatikana kwa gharama ndogo

- LMMS ni programu huria iliyoanza kuandikwa mwaka 2004. Hutumika katika Linux, Windows na macOS, na huja na sintesaiza zake, ikiwemo ZynAddSubFX. Mpangilio wake wa vipande unafaa kwa midundo ya kurudiarudia. Upungufu wake ni kwamba toleo la 1.2 halirekodi sauti kutoka kipaza sauti, wala halipokei programu-jalizi za mfumo wa VST3.
- Waveform Free ya kampuni ya Tracktion hutolewa bure bila kikomo cha idadi ya njia za sauti. Ina sintesaiza ndani yake na hupokea programu-jalizi za nje.
- Reaper ya kampuni ya Cockos ni nyepesi na haihitaji kompyuta yenye nguvu nyingi. Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Justin Frankel, ndiye pia aliyetengeneza Winamp. Programu hujaribiwa kwa siku 60 ikiwa kamili. Leseni ya bei nafuu kwa matumizi binafsi imekuwa dola 60 za Marekani. Ala zake za ndani ni chache, hivyo anayeitumia kwa psytrance huhitaji kuongeza sintesaiza.
- FL Studio ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilianza kwa jina la FruityLoops mwishoni mwa miaka ya 1990. Anayeinunua hupata matoleo yanayofuata bila malipo mengine. Toleo dogo, Fruity, limeuzwa kwa miaka mingi kwa dola 99, lakini halina uwezo wa kurekodi sauti. Toleo la majaribio halina mwisho wa siku, na linaruhusu kutoa faili la wimbo. Hata hivyo kazi iliyohifadhiwa haiwezi kufunguliwa tena ipasavyo hadi leseni inunuliwe.
- GarageBand hutolewa bure na Apple kwa wenye kompyuta za Mac, simu za iPhone na tableti za iPad tu.

Matoleo madogo ya programu nyingine, kama Ableton Live Lite, hutolewa pamoja na baadhi ya kibodi za MIDI. Huwekewa kikomo cha njia za sauti, nacho hufikiwa upesi katika wimbo wa psytrance.

Sintesaiza za bure

Programu kuu yenye ala chache inaweza kukamilishwa kwa programu-jalizi. *Surge XT* ni sintesaiza huria. Mwanzoni ilikuwa ya kuuzwa, na msimbo wake ukafunguliwa kwa umma mwaka 2018. *Vital*, iliyotoka mwaka 2020, ina toleo la bure ambalo hutofautiana na yale ya kulipia hasa kwa idadi ya sauti zilizoandaliwa. *Synth1*, iliyotengenezwa Japani, ni ndogo na hufanya kazi hata katika kompyuta za zamani. Yoyote kati ya hizi inatosha kuunda besi na sauti za juu za psytrance. Kabla ya kuchagua ni lazima kuhakikisha kwamba programu kuu inapokea aina ya programu-jalizi inayokusudiwa.

Gharama nyingine

Mara nyingi kinachokwamisha ni masikio kuliko programu. Noti ya F, inayotumika sana katika besi ya muziki huu, inaweza kuwa na masafa ya takriban hezi 44. Spika ndogo za kompyuta mpakato haziwezi kuitoa sauti hiyo ipasavyo, na mtunzi anayezitegemea huongeza besi kupita kiasi bila kujua. Kwa mwenye fedha kidogo, hedifoni nzuri na programu ya bure huwa na faida kuliko programu ghali na spika duni. Kibodi ya MIDI hurahisisha kazi lakini si ya lazima, kwa sababu noti zinaweza kuwekwa kwa kipanya.

Leseni na nakala haramu

Nakala za programu zilizovunjwa kinga husambazwa sana mtandaoni. Mbali na kuvunja sheria ya hakimiliki, huweza kubeba virusi vinavyoiba nywila au kuharibu mafaili, na hazipati marekebisho kutoka kwa watengenezaji. Anayetaka kuuza nyimbo zake hujiweka pia katika hatari ya kudaiwa. Leseni ya programu huria kama LMMS haimzuii mtumiaji kuuza muziki alioutunga. Hata hivyo sauti zilizorekodiwa na watu wengine huwa na masharti yake, na kila mkusanyiko unapaswa kusomwa leseni yake.

Namna ya kuchagua

Kabla ya kulipa, anayeanza anaweza kuijaribu programu kwa kutengeneza kipande cha dakika mbili: ngoma kubwa, noti tatu za besi, toazi na sauti moja ya juu yenye kichujio kinachobadilika. Kisha huhifadhi kazi, hufunga programu, huifungua tena na kutoa faili la WAV. Programu ikipita hatua zote hizo bila kukwama katika kompyuta yake mwenyewe, inatosha kwa kujifunzia. Kubadilisha programu mara kwa mara huchelewesha, kwa kuwa kila moja ina mpangilio wake. Hata hivyo ujuzi wa kichujio, kasi na uchanganyaji hauna budi kujifunzwa katika programu yoyote, nao huhama na mtunzi anapohamia nyingine.

Tazama pia

- Muziki wa kielektroniki
- Sintesaiza
- MIDI
- Programu huria