Kipande: Kutoka Shingoni Hadi Mboni ya Jicho

Mwaka 1949 masetla wa Kizungu nchini Kenya waliwaka hasira kwa sababu ya wino. Sheria mpya ya kuandikisha watu, iliyopitishwa mwaka 1947, ilimtaka kila mwanamume, awe Mwafrika, Mhindi au Mzungu, afike kwa msajili, achovye vidole na kuacha alama zake kwenye karatasi ya serikali. Kwa masetla hilo lilikuwa tusi. Alama za vidole, walisema, ni za wahalifu. Walipiga kelele hata serikali ikaunda tume chini ya Sir Bertrand Glancy, na mwaka 1950 sheria ikalegezwa: aliyeweza kujaza fomu kwa Kiingereza, kutia sahihi na kuleta picha zake mbili, alisamehewa wino.

Kufikia hapo wanaume wa Kiafrika walikuwa wamechovywa vidole kwa miaka 30. Wao walipolalamika, walijibiwa kwa risasi.

Siku hizi mazungumzo kuhusu faragha huanzia kwenye simu ya mkononi, kana kwamba kabla ya hapo Wakenya hawakuwa na siri za kulinda. Ukweli ni kwamba mzozo huu ulianza na kibati kidogo kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Sheria ya Kuandikisha Wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, lakini Vita Vikuu vya Kwanza vikaichelewesha, kwa kuwa wanaume ambao wangeandikishwa walikuwa porini wakibeba mizigo ya jeshi katika kile kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilichoacha jina lake Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Utekelezaji ulianza baada ya vita, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kuwa na kipande, na kuwa nacho kila aendako nje ya kwao.

Neno lenyewe ni la kawaida kabisa: kipande cha muhogo, kipande cha kitambaa. Katika mashamba ya Tanganyika lilikuwa jina la kadi ya kibarua yenye nafasi za siku 30, na mshahara wa mwezi haukutoka mpaka nafasi zote zijae. Nchini Kenya kipande kilikuwa kizito zaidi. Ndani ya kile kibati kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, yenye jina la mwenyewe, kabila lake, kwao na alama za vidole vyake. Chini yake mwajiri aliandika jina lake mwenyewe, aina ya kazi, mshahara, siku kibarua alipoanza na siku alipoachishwa. Hapo ndipo penye uchungu wake. Mwajiri asipotia sahihi ya kumruhusu kuondoka, kibarua hakuweza kuandikwa kazi kwingine, na akiondoka aliitwa mtoro na kufikishwa mahakamani. Mshahara ulioandikwa ukawa dari lake, maana mwajiri wa pili aliusoma kabla hajataja wake. Wagikuyu waliokivaa wakakiita mbugi, ile kengele anayofungwa mbuzi shingoni ili mchungaji ajue alipo.

Nakala ya kila karatasi ilikaa Nairobi, kwenye sajili kuu. Kibarua aliyetoroka angeweza kutupa kibati mtoni na kujipa jina jipya, lakini akijiandikisha tena, makarani wangelinganisha vidole vyake na vya zamani na kumnasa. Maarifa hayo yalikuwa yamesafiri. Katika Bengal, nchini India, afisa Mwingereza Edward Henry pamoja na wasaidizi wake Azizul Haque na Hem Chandra Bose walikuwa wamebuni mwishoni mwa karne ya 19 njia ya kupanga alama za vidole kwa makundi, ili karani aweze kuipata moja kati ya maelfu kwa haraka. Mwaka 1901 njia hiyo ilifika London, ikatumiwa na polisi dhidi ya wahalifu. Nchini Kenya ikatumiwa dhidi ya wanaume wote weusi. Hakukuwa na kompyuta hata moja, ila kila kinachoitwa leo kanzidata kilikuwepo tayari: namba, alama za mwili, hifadhi ya kati, na mtu asiyejua kilichoandikwa juu yake.

Aliyeipa hasira ya Waafrika sauti alikuwa kijana aliyefanya kazi ya kupokea na kuunganisha simu katika Hazina ya serikali jijini Nairobi. Harry Thuku aliisikia kila siku serikali ikizungumza. Mwaka 1921, masetla walipokubaliana kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, alianzisha chama cha vijana wa Kikuyu, kisha kile cha East African Association kilichokusanya watu wa makabila mengi. Madai yao yalikuwa wazi: kipande kiondolewe, kodi ya nyumba ipunguzwe, wanawake wasilazimishwe kufanya kazi mashambani. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi alikofungiwa, hatua chache kutoka hoteli ya Norfolk. Wanaume walipoanza kulegea baada ya wazee waliokwenda kuzungumza na serikali kurudi na maneno ya kuwatuliza, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake mbele yao, laana nzito katika mila za Wagikuyu, akawaambia wampe suruali zao wao wavae gauni lake. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua, na baadhi ya Wazungu waliokuwa kwenye baraza ya hoteli nao wakafyatua. Nyanjiru alikufa pale pale. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21. Hesabu za waliokuwepo zilikuwa kubwa zaidi. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu na hakurudi kwao hadi miaka ya 1930 ilipoanza.

Leo barabara inayopita mahali hapo inaitwa Harry Thuku. Nyanjiru, aliyekufa kwa sababu ya karatasi ambayo sheria haikumtaka yeye mwenyewe aibebe, anastahili kukumbukwa zaidi ya anavyokumbukwa.

Kibati kilitoweka baada ya 1947, lakini jina halikutoweka. Mpaka leo Mkenya akiulizwa kitambulisho huulizwa mara nyingi, "Kipande chako kiko wapi?" Na tabia ya serikali ya kutaka kujua nani ni nani, kwa kabila na kwa kijiji, iliendelea. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, Wagikuyu, Waembu na Wameru walilazimishwa kubeba vitabu maalumu vya pasi, na Aprili 1954 jeshi lilizingira Nairobi katika Operesheni Anvil likiwachuja watu mmoja mmoja. Baada ya uhuru sajili ilirithiwa ilivyo. Wanawake hawakuingizwa hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipitishwa kwenye uchunguzi wao peke yao, na waliofaulu wakapewa kadi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho cha kawaida.

Kaskazini mashariki ndiko kunakoonyesha vizuri zaidi jinsi kidole kinavyoweza kumfunga mtu bila yeye kujua. Ukame ulipobana, familia nyingi za Kikenya za Garissa na jirani zake ziliwapeleka watoto katika kambi za wakimbizi za Dadaab. Kule kulikuwa na unga, kulikuwa na zahanati, kulikuwa na shule. Ili kupata mgao, mtoto aliandikishwa na vidole vyake vikachukuliwa. Miaka ikapita. Akifika umri wa kuchukua kitambulisho, mtambo ulimtambua mara moja: mkimbizi. Cheti chake cha kuzaliwa, chifu wake, wazazi wake wenye vitambulisho vya Kenya, vyote havikufua dafu mbele ya alama aliyoiacha akiwa na njaa. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti ya benki wala kupiga kura. Maelfu ya watu walikwama hivyo kwa miaka mingi, na Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Garissa iliamua kwamba haki zao zilikiukwa.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyowapa Wakenya silaha. Kifungu cha 31 kinamlinda kila mtu dhidi ya kupekuliwa ovyo na dhidi ya kuingiliwa mawasiliano yake. Kinamlinda pia asitakiwe kutoa habari za familia yake au mambo yake binafsi pasipo ulazima. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyofikishwa mahakamani mwaka 2019.

Serikali ilikuwa imepenyeza, katika sheria ya marekebisho madogo madogo ya mwaka 2018, mfumo mmoja wa kitaifa ambao umma uliujua kwa jina la Huduma Namba. Sheria hiyo iliruhusu ukusanyaji wa alama za vidole, umbo la mkono, mboni ya jicho, sauti, hata vinasaba, yaani DNA, pamoja na mahali hasa nyumba ya mtu ilipo kwa vipimo vya setilaiti. Wanubi wa Kibera, kupitia Nubian Rights Forum, walikuwa mstari wa mbele kupinga, wakiungana na tume na mashirika ya haki za binadamu. Walikuwa na sababu. Wanubi wameishi Kibera zaidi ya karne, tangu babu zao walipokuwa askari wa Mwingereza, na bado vijana wao walipitishwa mbele ya kamati za uchunguzi ili wathibitishe kuwa Wakenya. Kama mtu anahangaika kupata kitambulisho cha zamani, mfumo mpya unaojengwa juu yake utamfungia nje kabisa.

Tarehe 1 Aprili 2019 mahakama iliruhusu uandikishaji uendelee, lakini kwa hiari, bila DNA na bila vipimo vya setilaiti. Watu walipanga foleni hata hivyo, wengi kwa kuogopa kunyimwa huduma. Serikali ilisema zaidi ya milioni 37 waliandikishwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi Novemba 2019, miezi kadhaa baada ya data yenyewe kukusanywa. Januari 2020 majaji watatu walifuta vipengele vya DNA na setilaiti na kuagiza mfumo usiendelee bila kanuni kamili. Na tarehe 14 Oktoba 2021, katika kesi iliyoletwa na Katiba Institute pamoja na mwanasheria Yash Pal Ghai, Jaji Jairus Ngaah alibatilisha utoaji wa kadi zenyewe kwa sababu serikali haikuwa imepima kwanza madhara kwa faragha. Mradi uliokula mabilioni ya shilingi ukasimama. Serikali iliyofuata ilikuja na mfumo mwingine, Maisha Namba, nayo ikapitia milango ile ile ya mahakama.

Si katika kila kesi serikali ilishindwa. Mwaka 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kuunganisha mtambo wake na mitandao ya kampuni za simu ili, ilivyosema, kunasa simu bandia. Mwanaharakati Okiya Omtatah alienda mahakamani, na mwaka 2018 Jaji John Mativo akausimamisha mpango huo. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikaafiki mwaka 2023.

Mwaka huo huo, mwishoni mwa Julai, maelfu walijazana kwenye ukumbi wa mikutano wa KICC jijini Nairobi kuangaliwa macho. Kampuni ya Worldcoin ilikuwa na kifaa cha mviringo kinachong'aa, mfano wa mpira. Mtu alikitazama, mboni zake zikapigwa picha, naye akapata sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Kwa kijana asiye na kazi hiyo ni kodi ya chumba. Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha zoezi, lakini zaidi ya Wakenya 350,000 walikuwa wameshatoa macho yao. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa ridhaa iliyopatikana kwa kuvutwa na pesa haikuwa ridhaa, ikaagiza picha hizo zifutwe ndani ya siku saba.

Kamishna wa kwanza wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, alianza kazi Novemba 2020 na ameshatoza faini. Septemba 2023 shule moja iliyoweka picha za watoto bila idhini ya wazazi ilitozwa shilingi 4,550,000. Mkopeshaji wa mtandaoni aliyewasumbua watu kwa simu na ujumbe, 2,975,000. Na klabu iliyomwonyesha mteja wake mtandaoni, 1,850,000.

Lakini mtihani mkubwa wa ofisi hiyo ulikuja mapema zaidi, Juni 2021. Wakenya walioingia kwenye tovuti ya serikali kuangalia majina yao waligundua kuwa ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Mtu alikuta namba yake ya kitambulisho iko chini ya chama asichokipenda, mwingine chini ya chama asichowahi kukisikia. Zilitoka wapi namba hizo? Wengi walinyooshea kidole madaftari: lile la wakala wa pesa za simu, na lile la getini.

La getini liko kila mahali Nairobi. Ni kitabu kikubwa cha jalada gumu, kimepigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu: jina, namba ya kitambulisho, simu, unakokwenda, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Soja hukigeuza kumwelekea mgeni na kusubiri. Juu ya mstari ulio wazi yamejipanga majina 20 ya waliotangulia tangu asubuhi, kila mmoja na simu yake, na yeyote mwenye simu ya kamera anaweza kupiga picha ukurasa mzima akijifanya anatafuta kalamu. Wageni wameshajua. Wengine huandika haraka na kupita. Wengine husita kidogo, humwangalia soja usoni, kisha hugeuza tarakimu mbili za mwisho.