Elimu ya masafa kwa wauguzi walio kazini

Elimu ya masafa ni utaratibu unaomwezesha muuguzi mwenye cheti kusomea stashahada pasipo kuacha kazi. Nchini Kenya, mpango mkubwa wa aina hii ulizinduliwa mwaka 2005 na shirika la Amref, Baraza la Wauguzi, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture, kwa lengo la kuwapandisha ngazi wauguzi 22,000 katika muda wa miaka 5.

Wauguzi wengi wakati huo walikuwa na cheti pekee, na nafasi vyuoni hazikutosha. Isitoshe, zipo zahanati za mashambani zenye muuguzi mmoja tu. Akienda chuoni, mlango hufungwa na mama mjamzito hukosa pa kujifungulia.

Masomo yaliwekwa kwenye kompyuta zilizopelekwa hospitalini na vyuoni, mengine yakinakiliwa katika sidii, kwani intaneti ilikuwa adimu. Mwanafunzi alisoma kwa kasi yake, aghalabu baada ya zamu.

Kasi hiyo, hata hivyo, ina mipaka. Mazoezi ya wodini sharti yasimamiwe, na mtihani wa Baraza una tarehe yake. Haumsubiri aliyekesha kazini. Kwa maoni yetu, hapa mwajiri ndiye mwenye kauli. Asipopanga zamu upya majuma ya mwisho, muuguzi huingia mtihanini akiwa na usingizi, ilhali wagonjwa watakaomngojea baadaye ni wale wale.