Bendera ya Sultani na Kunuti ya Alfajiri

Mwislamu wa Ilomba, jijini Mbeya, anayesoma dua ya kunuti katika sala ya alfajiri anafuata mwendo wa Imamu Shafii, kama walivyo wengi wa Waislamu wa Mbeya na Iringa. Lakini misafara iliyopanda kutoka pwani katika karne ya 19 hadi Usangu kwa watawala wa Wasangu, akina Merere, nchi ambayo wafanyabiashara waliiita Urori, ilitembea na bendera nyekundu ya sultani wa Unguja, na sultani huyo alikuwa Ibadhi, si Sunni. Bendera ilifika, madhehebu ya mwenye bendera hayakufika. Husemwa kwamba walimu walikuwa watu wa pwani, Mashafii tangu kale. Ni kweli, ila haitoshi. Dola yenye fedha, bunduki na makadhi ingeweza walau kujaribu. Haikujaribu, na sababu yake naiona ndani ya kasri lenyewe.

Tangu mfarakano uliofuata vita vya Siffin mwaka 657, watu wa mkondo uliozaa Uibadhi walishikilia kwamba kiongozi wa Waislamu huchaguliwa kwa elimu na uchamungu, si kwa nasaba, na akipotoka huondolewa. Kwa ukoo wa masultani hao, Busaidi, uliopokezana utawala baba kwa mwana na ndugu kwa ndugu, fundisho hilo lilikuwa moto chini ya mkeka. Mwaka 1868 wanazuoni wa Oman na makabila yaliyowaunga mkono walimwangusha Salim bin Thuwaini, mjukuu wa Sayyid Said aliyekuwa sultani wa Oman na Unguja, wakamchagua Azzan bin Qays kuwa imamu. Kizazi cha Said kilirudi Maskati mwaka 1871, Azzan alipouawa vitani. Mfalme wa kurithi angewafundishaje raia wake hoja ya kumwondoa? Sayyid Said alikuwa ameshachagua njia nyingine: Maibadhi wawe na kadhi wao, Masunni wawe na wao. Mashekhe wa Kishafii kutoka Barawa, kama Muhyiddin al-Qahtani na baadaye Abdulaziz al-Amawi, walishika ukadhi chini ya watawala wa Kiibadhi. Uibadhi ukawa alama ya ukoo na ya asili ya Oman. Haukuwa wito.

Atakayepinga atamtaja Sultani Barghash, mwana wa Said, na ana haki ya kumtaja. Mwaka 1859 aliasi dhidi ya ndugu yake Sultani Majid kwa msaada wa Waarabu wa kabila la Harthi, akashindwa, akapelekwa Bombay. Alipokalia kiti mwaka 1870 wenye msimamo mkali wa Kiibadhi walikuwa nyuma yake. Akaanzisha kiwanda cha chapa kilichotoa vitabu vya madhehebu yake, akamtia gerezani Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, mwanachuoni wa Kisunni. Dhuluma hiyo haifai kupunguzwa. Ila tutazame ilimlenga nani. Watu wa ukoo wa Mazrui wenyewe walikuja kutoka Oman wakiwa Maibadhi, wakageuka Mashafii, na wakuu wao walikamatwa Said alipowanyang'anya Mombasa mwaka 1837. Sheikh wa ukoo huo, mwenye hoja za kuwavuta Waarabu wa Oman upande wa Sunni, aligusa jamaa ambayo kiti kiliiegemea. Barghash alikuwa akiziba ufa wa nyumba yake. Waswahili walioswali Kishafii tangu mababu hakuwalazimisha kuhama. Alipofariki mwaka 1888, mrithi wake Khalifa alimfungua sheikh, jambo linaloonyesha jinsi kifungo kile kilivyofungamana na mtu mmoja na hofu zake.

Hata chapa ya Barghash inathibitisha kwamba hakuwalenga Waswahili. Miongoni mwa vilivyotoka pale ni Qamus ash-Sharia, kitabu cha Kiarabu chenye majuzuu mengi, kinachomfaa mwanachuoni wa Kiibadhi aliyekwisha kusoma. Mwalimu wa Kishafii alianza na Safinat an-Naja, kijitabu chembamba cha udhu na sala, ambacho mtoto hukihifadhi chuoni na mtu mzima hukibeba mfukoni, apande nacho mlima hadi bara.